Kilima Kisichokuwa na Mtu

Kilima kile kilikuwa na watu. Tuanzie hapo kabla ya mengine yote, kwa sababu baadaye wataalamu watakuja na picha zao na maneno yao laini, na msikilizaji asiyejihadhari anaweza kuyumba. Kilikuwa na watu, na mmoja wao alikuwa Agathe, mama wa makamo mwenye mabega mapana na ulimi usiokuwa na subira, ambaye alilala katika kambi ya watu waliokimbia vita pembezoni mwa Bunia na kulima kilima cha marehemu mumewe, upande wa Djugu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu.

Ila hakulima kama watu wanavyolima. Ukipita chini ya kilima na kutazama juu, ungeona magugu tu. Matete, vichaka, nyumba iliyochomwa ambayo hakuna aliyeisimamisha tena, na migomba michache iliyoachwa izeeke. Ungesema, maskini, watu walikimbia na hawakurudi. Na hivyo ndivyo Agathe alivyotaka useme. Mihogo yake ilikuwa ndani ya matete, shina moja hapa, jingine kule, bila mstari. Maharagwe yalipanda vichaka vya porini utadhani yamejiotea. Viazi vitamu vilitambaa chini ya majani ambayo mkulima mwingine angeyang'oa siku ya kwanza. Agathe alizaliwa na baba aliyelima kwa kamba ili mistari isipinde, na kila msimu aliona aibu kutazama kazi yake mwenyewe. Lakini shamba lililonyooka linaonekana kutoka mbali, na likionekana watu hujua lina mwenyewe, na wenye bunduki huja kumtafuta huyo mwenyewe.

Hayo alijifunza kwa uchungu. Zamani kidogo, walipoanza kurudi kilimani kwa kunyata, mkwe wake Bénédicte, mke wa mwanawe mkubwa, aliwasha moto mdogo achome mahindi. Alikuwa na njaa, alikuwa ananyonyesha, nani angemlaumu? Moshi ulipanda ukasimama juu ya migomba, na kabla mahindi hayajaiva wenye bunduki wakaja. Wanawake wengine walilala kwenye matete wakasikia yote. Hawakuinuka. Agathe naye hakuinuka.

Tangu siku hiyo akatunga sheria. Hakuna moto. Hakuna kitenge cha rangi kali. Hakuna simu. Hakuna kumtajia mtu siku ya kwenda, awe mume, awe padri. Na ukisikia mngurumo wowote, wa pikipiki, wa gari, au wa kile kindege kisicho na rubani ambacho wanawake walikiita nyuki, unalala palepale ulipo, uso kwenye udongo, unavuta majani juu ya mgongo wako na kuyaacha yatulie. Aliwafundisha wenzake jambo hilo kama mtu anavyofundisha kwaya. Aliwarudisha mwanzo, akawarudisha tena, na aliyechelewa kuanguka aliambiwa maneno ambayo sitayaandika hapa. "Bakikosa kukuona, utazeeka," aliwaambia. Na kweli, tangu sheria zile, hakuna mwanamke wa kundi lake aliyeuawa kilimani. Hilo lilikuwa jambo pekee maishani mwake ambalo Agathe aliweza kulitaja bila kuinamisha kichwa.

Sasa niwaeleze habari ya kampuni.

Mbarika-Énergie walikuwa na kiwanda pale unapotoka mjini, ambako walikamua mbegu za mbarika, mmea uleule ambao bibi zetu walitunywesha mafuta yake kijiko kimoja tukakimbilia chooni. Mafuta hayo sasa yangeendesha magari, tena magari yasiyochafua hewa. Jambo zuri, nani atalikataa? Shida ni kwamba mbarika zilikuwa bado chache na mashine zilitaka kula kila siku, kwa hiyo kiwanda cha mafuta safi kilinguruma mchana kutwa kwa mazutu, yaani dizeli, yaliyopita forodha ya Aru ndani ya malori, na moshi wake mweusi ulitua kwenye nguo za kila jirani aliyethubutu kuanika. Wenye kampuni waliujua moshi huo. Niwape haki yao, hawakuuficha. Walikuwa wameahidi mbele ya dunia kwamba baada ya miaka michache hesabu yao ya moshi itafika sifuri, na ili ifike sifuri walihitaji milima mizima ya mbarika, yenye mizizi na majani ya kumeza kile ambacho bomba la kiwanda lilikuwa linatapika.

Lionel, mtoto wa kaka yake Agathe, alifanya kazi kwao. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na wanavijiji kwa niaba ya kampuni, na kwa kuwa wanavijiji wengi walikuwa wamehamia kambini, muda mwingi alibeba masanduku ya vifaa. Siku moja alikuja kambini akiwa na fulana ya kazi, akakaa kwenye kidumu mbele ya hema la shangazi yake, akakataa chai. Agathe akajua kwamba kuna jambo.

"Tantine," Lionel alisema, "ile kilima yetu, kampuni inaitaka."

"Kilima gani?"

"Yetu. Ya nonko." Alimaanisha mume wa Agathe. "Banapitisha drone kule juu mara mingi. Banaangalia picha. Haiko mutu, haiko shamba, haiko hata moshi. Banasema ni fasi ya bure, batu balishaiacha."

Kitu cha kwanza kilichompanda Agathe moyoni kilikuwa fahari. Baadaye alijichukia kwa ajili yake, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wataalamu na vioo vyao vyote walikuwa wamepita juu ya wanawake wake na hawakuona hata kisigino. Alikaribia kutabasamu. Kisha maana ya maneno ikamfikia, na chai aliyokuwa anakunywa ikawa chungu mdomoni.

"Baambie kuko batu."

"Nilibaambia. Injinia Hubert, chef yangu, mukubwa ya kazi, iko mutu muzuri, alinisikiliza mupaka mwisho. Akaniuliza, ni batu gani? Nikasema, tantine yangu na benzake. Akasema, Lionel, siwezi andika neno ya mutoto juu ya shamba ya tantine yake."

"Akuje yeye mwenyewe aone."

"Ile njia ni nyekundu kwao. Asiranse, ile bima yao, inabakataza kupita. Drone njo macho yao, tantine. Na picha ya simu habaikubali, lazima ikuwe ya ile mashini yao."

Lionel akasogeza kidumu karibu, akashusha sauti, na hapo ndipo alipoeleza jambo ambalo lilimnyima shangazi yake usingizi tangu siku hiyo. Kampuni ilikuwa na sheria, na iliifuata kweli. Haikugusa shamba la mtu. Si kwa huruma, bali kwa hesabu. Ukimfukuza mkulima kwenye kilima chake, ataenda kukata pori mahali pengine apate kulima, na moshi wa pori lile dunia itauandika juu ya kampuni, na sifuri yao itaharibika. Kwa hiyo walitafuta ardhi isiyokuwa na mtu, basi. Picha moja yenye watu na jembe na moto ingetosha. Wangefunga masanduku yao na kwenda kilima kingine.

"Mardi inakuja drone itapita mara ya mwisho," Lionel alisema, akimaanisha Jumanne. "Asubuhi, jua ikianza kukaza. Musimame wazi. Muvae nguo ya kuonekana, muwashe moto. Muonekane tu, tantine. Ni ile tu ninakuomba."

"Ile tu," Agathe alirudia. "Unajua unaniomba nini?"

Lionel alijua. Bénédicte alimpikia alipokuwa mwanafunzi, na Lionel ndiye aliyekwenda kumwambia mume wa Bénédicte kwamba mkewe ameuawa. Akatazama viatu vyake.

Wanawake walikutana karibu na bomba la maji, kila mmoja na ndoo yake ili waonekane wanangoja zamu. Agathe aliwaeleza kama alivyoelezwa, bila kupamba. Walimsikiliza, kisha wote wakamgeukia Arlette. Arlette alikuwa mama wa Bénédicte, na katika kundi lile mambo ya kilima hayakuamuliwa kabla hajasema.

"Siku ile ulinishika mukono kwenye kaburi," Arlette alisema polepole. "Ukaniambia, bakikosa kutuona tutazeeka. Nikakusikia. Ninalala mu udongo miaka yote juu ya kukusikia. Leo unasema tusimame?"

"Tusiposimama, haiko tena fasi ya kulala."

"Na kama si drone ya kampuni? Nyuki zote zinalia namuna moja."

Agathe angeweza kusema kwamba Lionel ameapa. Angeweza kusema kwamba mgao wa unga kambini ulikuwa umepungua hadi watoto wakaacha kuuliza, na kwamba bila kilima wao walikuwa watu wa turubai tu, na turubai ni mali ya wengine. Haya yote yalikuwa kweli. Lakini lililomkaa moyoni hasa lilikuwa dogo, na aliona haya kulitoa mbele ya mama aliyefiwa. Alitaka, kabla hajafa, kulima tena kwa kamba. Alitaka asimame chini ya kilima aone mistari yake imenyooka kutoka juu hadi chini, na mtu akipita njiani aulize, shamba hili la nani, naye ajibu.

"Miye nitasimama," alisema Falone, mdogo wao kuliko wote, aliyekuwa ameolewa kambini na hajawahi kulala kwenye nyumba yenye ukuta tangu utoto. "Kama siye hatuonekane, mutoto yangu atarizi nini?"

Arlette alichukua ndoo yake ingawa ilikuwa haijajaa. Alisema atakuja, ila hatasimama. Atakaa kwenye matete, ili kama mambo yataharibika apatikane wa kuzika.

Siku yenyewe waliondoka alfajiri, kwa njia zao, wawili wawili. Chini ya majembe, ndani ya vikapu, walikuwa wameficha vitenge vya kanisani, vile vya sikukuu, njano na nyekundu, ambavyo hawajavivaa karibu na udongo tangu vishonwe. Walipofika kilimani wakavalia nyuma ya nyumba iliyochomwa. Na hapo, niseme ukweli, walicheka. Walitazamana wakiwa wamevaa kama watu wa arusi katikati ya magugu, mmoja akamfunga mwenzake kilemba, mwingine akasema picha yake iwe ya upande wa kulia kwa kuwa kushoto amepoteza meno. Falone alizunguka mara moja kitenge kikapepea. Kwa muda mfupi kilima kilikuwa na sauti za watu, na Agathe alisikia kitu kifuani ambacho hakukitambua mara moja, kwa kuwa alikuwa hajakisikia siku nyingi. Ilikuwa furaha.

Moto aliuwasha yeye mwenyewe. Aliweka kuni kavu, kisha majani mabichi juu yake, ili utoe moshi wa kutosha. Kiberiti kilizimika, akajaribu tena. Moshi ulipoanza kupanda, hakuna aliyecheka tena. Wote waliufuata kwa macho, kutoka kwenye kuni hadi juu ya migomba, ukisimama palepale uliposimama ule mwingine. Kwenye matete Arlette alikuwa na nguo yake ya rangi ya udongo, na hata Agathe aliyejua alipo alimtafuta kwa shida.

Wakajipanga kwenye uwazi mdogo ulio mbele ya nyumba. Majembe mikononi. Wakangoja.

Mngurumo ulianza upande wa bonde, mwembamba, halafu ukazidi.

"Simameni," Agathe alisema. "Musitikisike. Simameni."

Alisema hivyo kwa sauti ya juu, kila mtu alimsikia. Na neno la mwisho lilipokuwa bado mdomoni, magoti yake yakakunjika. Sijui niwaelezeje. Hakuamua. Mwili ulikuwa umefundishwa na mwalimu mkali, na mwalimu huyo alikuwa yeye, na mwili haukujua habari za kampuni wala za sifuri. Uso wake ulikuwa kwenye udongo, mkono wa kulia unavuta majani juu ya mgongo, juu ya kile kitenge cha njano, na pande zote mbili alisikia wenzake wakianguka, kimya, vizuri, kama alivyowafundisha. Mguu wa mmoja wao ulisukuma udongo juu ya moto, na moto ukafa bila hata kutoa mlio, moshi ukapeperuka.

Falone peke yake alikuwa amesimama. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, analia na kupunga, anaita, "Tuko hapa, tuko hapa." Nyuki ilikuwa bado haijavuka ukingo wa kilima. Kulikuwa na nafasi, kulikuwa na muda wa wote kuinuka, au wa kumwacha huyo mmoja tu aonekane. Agathe aliona miguu ya Falone karibu na uso wake. Aliona ni miguu myembamba, ya msichana anayenyonyesha. Mkono wake ukatoka chini ya majani, ukaushika mguu, ukavuta kwa nguvu zote. Falone akaanguka, naye Agathe akamlalia juu, akamziba mdomo, akamfunika kwa mwili wake mzima, na nyuki ikapita juu yao taratibu, ikaenda, ikarudi, ikaenda.

Ilipotoweka, waliinuka mmoja mmoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Falone alikuwa na udongo mdomoni na alama za vidole kwenye kifundo cha mguu. Kisha mmoja akaanza kupunga mkono kuelekea bonde tupu, na wengine wakafuata. Walipunga hadi mabega yakauma. Waliwasha moto upya, mkubwa kuliko wa kwanza. Lakini anga halikuwa na kitu, na jua lilipoanza kuinama Arlette alitoka kwenye matete akawaambia wavue nguo zile, warudi kabla njia haijaharibika.

Kampuni haikuwa ya kuficha mambo. Ilikuwa imeahidi uwazi pamoja na ile sifuri, kwa hiyo kabla ya kuchukua ardhi yoyote iliita mkutano, mtu yeyote aje, aseme. Mkutano ulifanyika katika salle, yaani ukumbi, ya hoteli moja mjini Bunia. Watu walijaa. Wengine walikuja kwa ajili ya soda na mkate, wengine walikuwa wanafunzi, wengine machifu wa mahali ambapo machifu hawalali tena, na wengine hakuna aliyejua ni nani. Agathe alikaa mstari wa mbele kati ya Falone na Arlette. Lionel alikuwa pembeni, akishughulika na nyaya.

Injinia Hubert alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Alieleza kwa Kiswahili cha watu wote, akitumia mikono kama mizani. Huku kuna moshi tunaotoa, wa mashine, wa malori, wa kila lita ya mazutu. Huku kuna moshi ambao mbarika zitaumeza. Alisema kampuni haitajidanganya na haitamdanganya mtu. Kisha akaonyesha picha ukutani, na kilima kikatokea, kikubwa kuliko ukuta wenyewe, kijani kutoka mwisho hadi mwisho.

Agathe alikitazama akasahau alipo. Hakuwahi kukiona kutoka juu. Kilikuwa kizuri.

"Kuko mama mumoja hapa," Hubert alisema, "na kijana wetu ananiambia ule mama analima pale. Mama, karibu. Miye sitaki kuchukua shamba ya mutu. Utuonyeshe."

Agathe akainuka akaenda ukutani. Kivuli chake kilifunika nusu ya kilima, akasogea pembeni. Akaiona nyumba iliyochomwa. Akahesabu kwa macho kutoka pembe ya nyumba hadi uwazi, kutoka uwazi hadi kichaka, akaweka kidole.

"Siye iko hapa."

Hubert akakuza picha. Majani. Akakuza zaidi. Majani, na kivuli cha majani. Agathe alijua mahali ambapo kichwa chake kilikuwa, alijua mgongo wa Falone ulikuwa chini ya kifua chake, alikumbuka hata jiwe lililomchoma ubavu. Alitafuta njano ya kitenge. Alitafuta mkono mmoja, kisigino kimoja, mpini wa jembe. Alitafuta shina la muhogo, akaona pori. Kazi ilikuwa imefanywa vizuri mno. Yeye mwenyewe hakujiona.

"Miye ninaona majani, mama," Hubert alisema, na hakukuwa na dharau katika sauti yake. Ingekuwepo, labda Agathe angepata pa kushikilia. "Lakini ninakuheshimu. Basi tufanye hivi. Utuambie hapa, kwa mikro, mbele ya batu yote. Muko bangapi? Munaenda siku gani? Munapita njia gani? Nitaandika, na nitarusha drone tena ile siku, fasi ile. Ninakuapia."

Falone alikuwa amesogea hadi ukingo wa kiti, macho yake yanang'aa. "Sema, mama," alinong'ona. "Sema."

Agathe akageuka kuwatazama watu. Nyuso mstari baada ya mstari, zote zimeinuliwa kwake, zote zinangoja siku na njia. Karibu na mlango alisimama kijana mwenye kofia, simu mkononi, anasikiliza kwa makini. Labda alikuwa mwanafunzi tu. Nyuma yake kulikuwa na wanaume wawili ambao hawakuchukua mkate. Labda hawakuwa na njaa. Utawajuaje?

"Nikuambie weye peke yako," Agathe alisema kwa sauti ya chini. "Kule nje. Weye tu."

Hubert akatikisa kichwa, kwa masikitiko ya kweli. "Haiwezekane, mama. Neno yote ya ardhi inasemwa wazi. Jioni hii tunaiweka mu interneti, na dunia yote inasoma. Njo ahadi yetu. Hatuna siri na mutu."

Agathe akamtazama Arlette. Arlette hakumtikisia kichwa, hakumkonyeza, alikaa vilevile, mikono mapajani, mama aliyekwisha kuzika. Agathe akafikiria mistari iliyonyooka ambayo hataiona. Akafikiria mguu wa Falone mkononi mwake, ulivyokuwa mwembamba, na jinsi ulivyokuwa na joto.

"Haiko mutu," alisema.

"Unasema?"

"Haiko mutu kule."

Falone aliinuka nusu, Arlette akamshika kitenge akamkalisha. Lionel aliacha nyaya zake chini. Hubert alisubiri kidogo, kama mtu anayetaka kumpa mwenzake nafasi ya kubadili, kisha akamletea mikro, akamshikisha vizuri karibu na mdomo, kwa sababu watu wa nyuma walikuwa hawajasikia na jambo hili lilipaswa kuandikwa sawasawa.

"Kule juu haiko mutu," Agathe alisema, na sauti yake ikatoka kwenye masanduku ya sauti ya pembeni, kubwa, ikajaa salle yote. "Batu balikimbia. Habakurudia."

Injinia Hubert akamshukuru, akaandika, na watu wakapiga makofi, kama walivyompigia kila aliyezungumza kabla yake.